Nani Mgeni? Filamu Moja na Maduka ya Jinja na Mbale

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke taratibu)

MTANGAZAJI: Ukipita mitaa ya zamani ya Jinja au Mbale, inua macho juu ya milango ya maduka. Utaona majina ya Kihindi na mwaka wa kujengwa, vimeandikwa ukutani. Wenyewe walikwenda wapi?

Tarehe 4 Agosti 1972, mbele ya askari mjini Tororo, kusini mwa Mbale, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Wengi walizaliwa hapahapa. Waliruhusiwa kubeba pesa kidogo tu, kiasi cha pauni 50 za Uingereza, na kwenye vizuizi vya barabara ya Entebbe askari waliwapora hata saa za mkononi. Wengine walipokelewa Uingereza, Kanada na India. Wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote walisaidiwa na UNHCR kupata pa kwenda. Naam, walikuwa wakimbizi kama wewe.

Chuki hiyo haikuanza siku ile. Wakoloni waliwapanga watu kwa rangi: Mzungu atawale, Mhindi afanye biashara na kuchambua pamba, Mwafrika alime. Mkulima wa Busoga au Bugisu aliona bei ndogo mkononi mwa Mhindi, lakini aliyetunga sheria hakumwona. Nao Wahindi wengi walimdharau Mwafrika. Mtu mzima mwenye watoto aliitwa "boi". Dharau za kila siku zilikuwa kuni. Amin alileta kiberiti.

(Muziki mfupi)

Mwaka 1991, mwongozaji Mira Nair alitoa filamu iitwayo Mississippi Masala, ambayo sehemu yake ilipigwa Kampala. Familia ya Kihindi inafukuzwa Uganda na kuishia jimbo la Mississippi, Marekani. Miaka inapita, na baba, Jay, bado anadai haki ya mali yake. Lakini binti yake Mina anapompenda Demetrius, kijana mweusi anayesafisha mazulia, ndugu wanachachamaa. Baba aliyefukuzwa kwa sababu ya rangi yake anamkataa mwenzake kwa sababu ya rangi.

Hapo ndipo filamu inapotugusa. Kuonewa hakumfanyi mtu aache kuonea. Kwenye foleni ya maji, tunasema nini juu ya kabila lile, au juu ya wenyeji? Na mwanao akileta mchumba kutoka kwao?

Baada ya Waasia kuondoka, maduka mengi yaligawiwa askari na watu wa karibu na serikali. Sukari na sabuni zikaadimika. Mauaji nayo hayakukoma: maiti zilitupwa katika mto Nile, hapo Jinja, na wengi wao walikuwa Waganda, Walango, Waacholi, raia weusi wa nchi hiyohiyo. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Miaka ya 1990 serikali iliwarudishia Waasia mali zao, na baadhi walirudi. Leo Jinja na Mbale wananunua na kuuziana tena. Nyumba hurudishwa kwa hati. Heshima hurudishwa kwa maneno tunayoambiana kila siku.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI:
1. Ni neno gani la dharau ulilowahi kuitwa? Na lipi umewahi kumwita mwenzako?
2. Mtoto akilirudia neno hilo nyumbani, utamwambia nini?

(Muziki wa kufunga)