Vyeti Ghushi vya Taaluma (Kenya)

Vyeti ghushi vya taaluma ni hati zilizoghushiwa, au zilizotolewa na chuo kisichosajiliwa, zinazodai kuwa mwenye nazo amehitimu kazi fulani. Nchini Kenya, ukaguzi ulioagizwa na Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 2022 ulikuwa umefichua, kufikia Februari 2024, vyeti ghushi 2,067 katika rekodi za watumishi wapatao 28,000. Hesabu hiyo huleta akilini walaghai; waliolaghaiwa husahaulika.

Huko Masimba, kaunti ya Kisii, kama kwingineko Gusii, karo ya chuo aghalabu hutoka kwenye bonasi ya majani chai, ndizi au ng'ombe aliyeuzwa. Mzazi akilipia chuo kisichosajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, mtoto hurudi na karatasi ambayo mwajiri makini ataikataa, na ng'ombe harudi. Husemwa kwamba mwenye cheti ghushi anajua alichonunua. Ni kweli kwa aliyelipia alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, asizozipata, si kwa aliyekaa darasani miaka miwili akiamini. Wengine hudai kazi ni ujuzi, si karatasi. Kwa fundi wa jua kali hoja hiyo ina uzito, kwani mlango au kiti chake kinaonekana. Lakini mgonjwa hawezi kumpima muuguzi kabla ya sindano. Orodha ya vyuo halali ipo, ila iko kwenye intaneti, ilhali tangazo la wakala wa chuo kisichosajiliwa humfikia mzazi sokoni.