Msomaji wa Nyumba: Tafakari ya Kila Siku kwa Watoto wa Kikristo wa Kasongo na Kabambare

Vitabu vya tafakari ya kila siku wanavyoandikiwa watoto wa miaka 9 hadi 12 huko Marekani na Uingereza vina msomaji wa namna moja. Ni mtoto aliye peke yake. Ana chumba, ana taa, ana dakika kumi kabla ya kulala, na ana kalamu ya kujibu swali lililo chini ya ukurasa. Mara nyingi hutolewa jozi, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana, kila kimoja na jalada lake na shida zake. Vikitafsiriwa kwa Kifaransa au Kiswahili, maneno hubadilika, lakini msomaji hubaki yuleyule.

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, msomaji huyo ni nadra kumpata, na sidhani kwamba tunapaswa kumlilia. Katika nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare mtoto wa darasa la nne au la tano ndiye anayesoma vizuri kuliko wote waliokaa karibu na moto jioni. Bibi yake hakupelekwa shule. Mama yake huenda aliiacha vita vilipoanza mwaka 1996, akakimbilia porini na hakurudi darasani. Kitabu kikiingia nyumba hiyo, mtu wa kukifungua ni mtoto. Hoja ya makala hii ni kwamba tafakari ya watoto wa huku iandikwe kwa ajili ya mtoto anayewasomea watu wa nyumbani kwake kwa sauti. Tukikubali hilo, karibu kila kitu ndani ya kitabu hubadilika: urefu wake, maswali yake, hadithi zake, hata namna ya kumtaja jirani.

Tulifikaje kudhani kwamba imani ya mtoto hulelewa nje ya nyumba? Sehemu ya jibu iko katika mwanzo wa Ukristo wenyewe katika eneo hili. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji Januari 1879, na baadaye wakafungua vituo upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kikiwemo Kibanga. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Mpala. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Nyangwe na Kasongo ilipita Kabambare kuelekea ziwani, na mapadri walinunua watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara hao ili kuwakomboa. Watoto hao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza. Hawakuwa na baba wala mama karibu, kwa hiyo misheni ikawa nyumba yao na kengele ikapanga siku yao: sala ya asubuhi, katekisimu, kazi ya shamba, sala ya jioni. Kwa mtoto aliyenyakuliwa kutoka kijijini kwake hapakuwa na njia nyingine. Tatizo ni kwamba mpango uliobuniwa kwa ajili ya mayatima ukaendelea kutumika kwa watoto wenye wazazi. Misheni zilipofunguliwa Maniema yenyewe, baada ya kambi ya mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip na mwanawe Sefu huko Kasongo kuangushwa mwaka 1893 na jeshi la Dola Huru ya Kongo, mtoto aliendelea kutolewa nyumbani ili afundishwe dini, na nyumba haikupewa kazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huohuo wa 1879, huko Uingereza, usomaji wa Biblia wa kila siku ulianza kwa watoto, na haukuanza kama kazi ya mtu mmoja mmoja. Annie Marston, mwalimu wa shule ya Jumapili, alikuwa akiwaandikia kwa mkono wasichana wa darasa lake mafungu ya kusoma nyumbani, ili wote wasome fungu moja siku moja. Aliwashawishi viongozi wa chama cha kuwahubiria watoto wayachapishe kwenye kadi, na kutoka hapo ukakua mtandao ambao Wakongomani wanaujua leo kama Ligue pour la Lecture de la Bible. Chumba cha faragha kilikuja baadaye, pamoja na soko la vitabu.

Katika Kongo nyumba iliwahi kujaribiwa, na ilithibitisha nguvu yake. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, ikitaka vijana wote wawe wa tawi la vijana la chama chake, MPR. Mwishoni mwa 1974 shule zilitaifishwa na somo la dini likafutwa. Ni mkataba wa Februari 1977 ndio uliozirudishia dini usimamizi wa shule. Katika miaka hiyo imani ya mtoto wa Kikatoliki ilibaki mahali ambapo serikali haikuweza kuingia kwa urahisi, yaani nyumbani na katika shirika, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja. Maaskofu wa Kongo walikuwa wameanza kuzitilia mkazo jumuiya hizo kabla ya marufuku, lakini marufuku ndiyo iliyoonyesha uzito wake. Walioandaa vitabu vya watoto baada ya hapo walipaswa kujifunza kutoka kipindi hicho. Wengi walirudi darasani.

Kuna shule nyingine ya kila siku ambayo mtoto wa Kikristo wa Kasongo huiona tangu akiwa mdogo, nayo ni madrasa. Kasongo ni moja ya miji mikongwe ya Uislamu nchini Kongo, na mtoto wa jirani hubeba ubao au juzuu yake siku baada ya siku, anasoma kwa sauti, anasahihishwa, na siku ya Maulidi husimama mbele ya wazee akasikilizwa. Mwenzake Mkristo ana Jumapili, ana ekodim, yaani shule ya Jumapili, kama ni Mprotestanti, ana miezi ya mafundisho kabla ya komunyo ya kwanza kama ni Mkatoliki, kisha kimya. Sisemi hivi ili kuchochea mashindano. Nasema kwamba desturi ya kuwapa watoto sauti ya dini mbele ya wakubwa ni desturi ya mji, na anayeandika tafakari ya Kikristo hana haja ya kuiagiza kutoka mbali. Wanaopinga kwamba mtoto akiwasomea wazee atakuwa amevuka mipaka ya adabu wanasahau kwamba mzee wa Kasongo amezoea kumsikiliza mtoto akisoma, mradi mtoto asijifanye mwalimu. Mpangilio wa kitabu unaweza kulinda hilo: mtoto asome, mkubwa aeleze.

Biblia yenyewe ina mfano ulio karibu mno na hali hii. Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia. Samweli alikuwa mtoto, akaisikia sauti usiku asijue ni ya nani. Mtoto alikuwa na masikio, mzee alikuwa na ujuzi wa kumwambia inavyojibiwa. Wala hapakuwa na aliyeweza kukamilisha jambo lile bila mwenzake. Tafakari iliyoandikwa kwa msomaji wa nyumba ingekuwa na umbo hilo kila jioni. Swali lake la mwisho lisimwulize mtoto anajisikiaje. Limtume kwa mtu: mwulize bibi, mwulize baba mdogo, mwulize aliyelima mpunga mwaka wa njaa alifanya nini.

Lakini kusoma kwa sauti kunamaanisha kwamba wote waliopo wanasikia, na hapa ndipo mwandishi anapaswa kupima kila neno. Nichukue Wafalme wa Pili, sura ya 5. Katika vitabu vya kigeni habari ya Naamani hupendwa kwa sababu ya yule kijakazi mdogo: mtoto naye anaweza kumshuhudia Mungu, basi, sala fupi, mwisho wa ukurasa. Isome sura hiyo Kasongo. Kikosi cha wavamizi kimeingia nchi ya watu, kimemteka msichana, na sasa anamtumikia mke wa jemadari. Waliokaa karibu na moto ni wajukuu na vitukuu vya historia hiyohiyo. Waungwana walioijaza Kasongo ya Tippu Tip hawakuwa wageni wote; wengi walikuwa watu wa Maniema walioingia katika himaya ya mabwana wa pwani, wengine kama askari na wapagazi, wengine kama mateka. Ukoo mmoja unaweza kuwa na damu ya aliyeteka na ya aliyetekwa, na asili ya utumwa haitajwi hadharani bila kuumiza. Mwandishi asiyejua haya ataweka swali la kutafuta nani katika familia aliletwa kutoka mbali, na jioni ile itaharibika.

Tena huenda aliyekaa pale ni mjomba Mwislamu. Familia zilizochanganyika kidini si jambo geni Kasongo. Kwa miongo mingi masimulizi ya kikoloni yalimfundisha mtoto kwamba Mwarabu na Mwislamu ni mtu mmoja, kwamba yeye ndiye mfanyabiashara wa watumwa, na kwamba Mzungu ndiye mkombozi. Masimulizi hayo yaliacha nje mambo yaliyofuata. Kuanzia mwaka 1917 mkombozi huyo aliwalazimisha wakulima wa Maniema kulima pamba kwa bei aliyoipanga yeye. Shule zikawa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu, wakihofia watoto wao kubatizwa, wakawaweka mbali nazo; pengo la elimu lililotokea halijazibika mpaka leo. Tafakari inayomfanya mtoto asome kwa sauti, mbele ya mjomba wake, sentensi inayomfanya mjomba kuwa mrithi wa uovu, ni dhambi dhidi ya mtoto kwanza. Imemtumia kumwaibisha mtu anayempenda.

Je, sura hiyo iachwe? Hapana, ni miongoni mwa sura zinazoihusu Maniema zaidi. Swali libadilishwe tu. Mama wa msichana yule alibaki wapi, na alisali vipi usiku ule? Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alipata wapi moyo wa kumtakia afya bwana aliyemmiliki? Maswali hayo Mkristo na Mwislamu wanaweza kuyatafakari kwa pamoja, na mtoto atakuwa amesikia katika nyumba yake jambo ambalo hakuna kitabu cha darasani kingempa.

Hadithi nyingine ziko karibu kuliko tunavyozitumia. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri Padri Albert Joubert pamoja na Wamisionari Waksaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Fizi inapakana na Kabambare. Joubert alikuwa mtoto wa Mfaransa na mama Mkongomani, na mtoto wa Kabambare anaweza kuulizia habari za mwaka ule kwa wazee ambao bado wapo. Juni 2025 akafuata Floribert Bwana Chui wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, aliyekataa rushwa ili asiruhusu shehena ya chakula kilichoharibika kuingia sokoni, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Kwa mtoto wa Salamabila, huko Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya imevuta kampuni, wachimbaji na wenye bunduki, habari ya mtu aliyekataa fedha ina uzito zaidi kuliko mifano kumi ya uaminifu iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto anayejaribiwa kunakili mtihani.

Kuhusu vitabu jozi, nina msimamo mkali. Wasichana na wavulana wa umri huu wana mizigo tofauti, na tofauti hiyo ni halisi: msichana anachota maji na kutwanga kabla ya kufungua daftari, mvulana anaitwa mgodini kuosha mchanga. Sheria ya Kongo inakataza ndoa kabla ya miaka 18, lakini msichana wa miaka 12 tayari anasikia mazungumzo yanayomhusu yakifanyika bila yeye. Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nitake kitabu kimoja. Mvulana anayesoma kwa sauti habari ya Tamari binti Daudi, au ya binti wa Yefta, wazazi wakisikiliza, amesema jambo ambalo dada yake asingeruhusiwa kulianzisha. Ukimpa kila mmoja kitabu chake, habari hiyo itabaki kwa msichana ambaye tayari anaijua.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la faragha. Yesu alifundisha kuingia chumbani na kufunga mlango, na kuna watoto ambao hatari yao imo ndani ya nyumba yenyewe; hao hawawezi kusema kweli mbele ya kikao cha jioni. Nakubali. Ila kitabu cha kujazwa kwa kalamu, katika nyumba yenye chumba kimoja, hakina siri, atakisoma yeyote. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu, na kila tafakari imwambie wazi kwamba yupo: mama wa shirika, katekista, mwalimu wa ekodim, kwa sharti kwamba parokia imewachagua watu hao kwa uangalifu na kuwafundisha kunyamaza na kuchukua hatua. Vivyo hivyo kwa familia za Kabambare zilizohamishwa na mapigano na kupokewa katika nyumba za watu. Huko msomaji wa nyumba atawasomea watu wa nyumba mbili.

Lugha iwe Kiswahili wanachokisema, kilichonyooshwa kidogo tu. Sentensi ndefu ya Biblia ya zamani humfanya mtoto akwame mbele ya watu, na aliyekwama mara tatu hatasoma tena. Fungu lenyewe lisizidi aya kumi.

Waandishi wapatikane Kasongo na Kabambare, makatekista na walimu wa ekodim wakikaa meza moja, Wakatoliki na Waprotestanti. Kila ukurasa, kabla ya kuchapishwa, usomwe na mtoto wa miaka kumi jioni katika nyumba tatu, moja ikiwa na ndugu Waislamu. Waliouandika wakae nyuma wasikilize. Mtoto akikwama, sentensi ikatwe. Bibi asipouliza kitu, swali liandikwe upya. Mjomba akiinuka na kutoka, ukurasa huo usichapishwe.