Mishororo Mitatu ya Mwanafunzi: Je, Yafaa Kuendeleza Hadithi ya Mtu Mwingine?

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya sekondari ambayo hapana haja ya kuitaja jina, tuliwapa wanafunzi wetu insha ya kubuni. Mwanafunzi mmoja, ambaye Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya tatu, alituletea hadithi ya kurasa sita. Katika hadithi hiyo Fumo Liyongo hafi kisimani. Mama yake anawahi kufika, anaichomoa sindano ya shaba, na kijana aliyemsaliti anabaki akitetemeka mbele ya mji mzima. Tulichukua kalamu nyekundu tukaandika neno moja: "Umeiba." Hakupata hata alama moja. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza masomo, hakutuandikia tena ukurasa uliozidi kipimo tulichomwamuru.

Twaanza na kisa hiki kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu swali lililomo ndani yake lingali linawasumbua walimu wengi. Je, mwanafunzi aruhusiwe kuchukua wahusika wa mtunzi mwingine akawatungia mambo mapya? Na mtunzi mwenyewe, je, akubali? Siku hizi utungaji wa namna hiyo huitwa hadithi za mashabiki. Wengi hudhani kuwa ni mtindo mgeni ulioletwa na intaneti. Ni kweli kwamba huko Marekani wapenzi wa mchezo wa televisheni uitwao Star Trek walianza kutoa kijarida chao cha hadithi, Spockanalia, mwaka 1967, na kwamba leo vijana husomeana hadithi kama hizo kwa simu. Lakini jambo lenyewe ni la kale mno, na katika fasihi ya Kiswahili lina heshima yake. Tutazame basi historia inatuambia nini kabla ya kuishika tena kalamu nyekundu.

Mfano wa takhmisa

Walimu wa ushairi wanaijua takhmisa. Jina hilo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mtunzi huchukua maneno ya shairi la zamani akayaweka mwishoni mwa ubeti. Kisha hutanguliza mishororo mitatu ya kwake, hata ubeti ukatimia mishororo mitano. Mashuhuri kati ya tungo hizo ni Takhmisa ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule mtunzi wa Al-Inkishafi. Maneno ya asili husemwa kuwa ni ya Liyongo mwenyewe. Yaliyotangulizwa ni ya mshairi aliyeishi karne nyingi baadaye.

Tuangalie vizuri jinsi kazi hii inavyofanywa. Mshairi wa pili hafuti neno la mshairi wa kwanza, wala halifichi. Analiacha lisimame mwisho wa ubeti, mahali ambapo sikio hutua. Ya kwake analazimika kuyasuka kwa vina na mizani ili yaingiane na yale aliyoyakuta. Asiyelielewa shairi la asili hawezi kulitungia takhmisa hata ubeti mmoja. Kwa hiyo takhmisa ni utungaji na ni mtihani wa ufahamu kwa wakati mmoja, na ni mtihani mgumu kuliko maswali mengi tunayoyaandika ubaoni.

Liyongo hakuishia hapo. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi yake katika mkusanyo wa ngano za Kiswahili mwaka 1870. Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utendi mwaka 1913. Katika utendi huo msaliti ni mwanawe Liyongo. Wasimulizi wengine husema kuwa ni mpwawe. Mwaka 2001 Kithaka wa Mberia wa Kenya alitoa tamthilia ya Kifo Kisimani. Humo shujaa anaitwa Mwelusi, mtawala ni Mtemi Bokono, na anayeichoma sindano ni ndugu wa shujaa. Kisima ni kilekile na sindano ni ileile, bali swali limebadilika: sasa linahusu utawala wa mabavu na haki za raia. Tamthilia hiyo ilisomwa katika shule za sekondari za Kenya, wala hakutokea mwalimu wa kumwandikia mtunzi wake kwamba ameiba. Mwanafunzi wetu alikuwa amefanya jambo la aina hiyohiyo kwa kadiri ya umri wake, naye akapewa sifuri.

Shaaban Robert na hadithi ya mbwa

Yupo atakayesema kwamba Liyongo ni mali ya umma, hana mwenyewe, na kwamba mtunzi mkubwa huumba vya kwake peke yake. Basi na tumtazame Shaaban Robert. Msomaji wa Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, akikifungua Alfu Lela Ulela atakutana na hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa, naye hulazimika kuwachapa kila usiku. Kwa Shaaban Robert, liwali ni Adili wa Janibu, na ndugu zake Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani. Mshipi wa hadithi ni mmoja.

Lakini hadithi ya Kiarabu huishia katika mauaji: ndugu wakisharudishiwa umbo la kibinadamu humwua aliyewaombea msamaha. Hadithi ya Shaaban Robert huishia katika suluhu na arusi. Nafsi ya kitabu chake imo katika tofauti hiyo. Aliuliza, kama alivyouliza mwanafunzi wetu: ingekuwaje kama mwisho ungekuwa mwingine? Akalijibu swali hilo kwa Kiswahili ambacho hadi leo twawafundishia wengine. Hakupungukiwa utukufu kwa kuazima mti. Tunamsifu kwa nyumba aliyoijenga.

Malalamiko ya watunzi

Hata hivyo, haifai kusimulia upande mmoja tu. Wapo watunzi walioumizwa na waendelezaji wa kazi zao, na malalamiko yao yastahili kusikizwa. Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Hispania. Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote mwaka 1605. Mwaka 1614, naye akiwa bado anaandika sehemu ya pili, kilitokea kitabu kilichojidai kuwa ndiyo sehemu hiyo, kimeandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina la Alonso Fernández de Avellaneda. Katika dibaji yake mtu huyo alimtusi Cervantes kwa uzee wake na kwa mkono wake ulioharibika vitani. Cervantes alimjibu kwa kalamu. Katika sehemu ya pili ya kweli, iliyotoka mwaka 1615, alimfanya shujaa wake akatae kwenda Zaragoza, kwa kuwa yule wa uongo alikwisha kupelekwa huko, akamwelekeza Barcelona. Mwishoni akamwua shujaa wake, asije mtu mwingine akamfufua.

Tukiipima hasira ya Cervantes, twaona kwamba Avellaneda alifanya mambo matatu: alificha jina lake, alimvunjia heshima mwenye kazi, na alikwenda sokoni kuuza kabla mwenye kazi hajamaliza. Mtunzi wa takhmisa hufanya kinyume chake: hukiri maneno ni ya nani, huyatukuza, na huyaacha kama yalivyo. Wote wawili wameingia katika shamba la mwenziwe. Mmoja alibisha hodi, mwingine aliruka ua.

Sheria za leo zinaelekea kukubaliana na adabu hiyo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama unavyosimama sasa, humpa mtunzi haki ya kutajwa jina, haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima, na haki ya kuidhinisha kazi yake inapogeuzwa kuwa nyingine. Haki za kuidhinisha hudumu, kwa kawaida, muda wa maisha yake na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Kenya imo katika mkataba huo tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Wakati huohuo mkataba unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kazi za watunzi zitumike kwa mafundisho, kwa kadiri ya haja na kwa uungwana. Insha inayosomwa na mwalimu na wanafunzi arobaini haimpokonyi mtunzi riziki yake. Insha hiyohiyo ikipigwa chapa na kuuzwa bila idhini, hilo ni jambo jingine, na mwanafunzi ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo mapema.

Darasani tufanyeje?

Hofu ya walimu wenzetu twaifahamu. Wanasema mwanafunzi atakuwa mvivu wa kubuni. Wanasema pia kwamba siku ya mtihani ataandika kuwa Liyongo aliokoka. Hofu hii ya pili ni ya kweli, na dawa yake ni utaratibu. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwanafunzi asome kazi ya asili hadi mwisho na aifupishe kwa usahihi kabla ya kuruhusiwa kuigeuza. Pili, juu ya karatasi yake aandike jina la mtunzi na la kitabu, na aeleze kwa sentensi moja ni wapi alipoacha njia. Tatu, atiwe alama kwa kile alichokiongeza: lugha, hoja, na jinsi kipya kilivyoungana na cha zamani. Nne, kazi isitoke nje ya shule kwa kuuzwa wala kuchapishwa ikiwa mwenye haki hajaombwa.

Kwetu sisi tunaofundisha mbali na pwani, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, faida yake ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wetu hakunyonyeshwa lugha hii. Tukimwambia abuni watu, mji, kisa na msamiati kwa mara moja, tunamtwika mizigo minne. Tukimwazima watu na mji, atapata nafasi ya kuishughulikia lugha. Ndivyo fundi anavyomfundisha mwanagenzi: humpa kwanza mlango uliokwisha kuchongwa autie nakshi.

Ama kwa watunzi walio hai, hatuna amri juu yao. Mtunzi akisema hataki wahusika wake waguswe, tumheshimu, tuchukue kazi nyingine, Liyongo hachoki. Lakini tungewaomba wakumbuke kwamba kijana anayelia kwa kifo cha mhusika wao hata akashika kalamu ndiye msomaji wao bora.

Karatasi ile ya kurasa sita hatunayo tena. Lau tungekuwa nayo, tungelifuta neno lile moja tukaandika maswali mawili: "Hadithi hii umeipokea kwa nani? Na mama mtu amewezaje kupita hadi kisimani, ilhali mji wote ulikuwa ukiogopa kukaribia?" Kwa maswali hayo angeandika kurasa sita nyingine. Twawaomba walimu wenzetu wayajaribu katika madarasa yao, nao watuletee katika jarida hili walichokipata.