Moro Jazz na Spika za Osaka, 1970

Wengi wanaijua Moro kama mji kasoro bahari. Wachache wanajua kwamba mwaka 1970 Morogoro Jazz Band ilitoka huko chini ya Uluguru ikaenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70.

Sasa cheki hii. Kwenye maonyesho hayohayo, banda la Ujerumani Magharibi lilikuwa na ukumbi wa duara kama mpira. Watu walikaa katikati, spika zimewazunguka pande zote, juu ya vichwa mpaka chini ya miguu. Yaani ule mziki wa kukuzunguka unaoutafuta leo sebuleni kwa spika tano na sabufa, ulikuwepo palepale walipokwenda vijana wa Moro.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyimbo zao zilisikika kwenye santuri na Radio Tanzania, na redio nyingi za majumbani zilikuwa na spika moja tu. Rekodi nyingi za enzi hizo ni mono: magitaa, saksafoni na waimbaji wote wamekaa sehemu moja.

Ndiyo maana ukizipiga kwenye seti yako ya kisasa, mashine inakisia tu cha kupeleka spika za nyuma, na mwimbaji anasikika kama yuko bafuni. Mzee akisema "huu sio ule wimbo", usimcheke. Weka stereo, bakiza spika mbili za mbele, punguza sabufa. Kisha muite tena, uangalie mguu wake.