Tope la New York na Sakafu ya Bahari

Tangu mwaka 1924 matishari yalikuwa yakitoka bandari ya New York yakiwa na tope linalobaki majitaka yakishasafishwa, na kulimwaga maili 12 tu nje ya pwani, penye kina cha mita 25 hivi. Uchafuzi wa hapo haukuhitaji mtaalamu kuuona. Kuanzia 1986 kazi ilihamishiwa hatua kwa hatua maili 106 kutoka pwani, kwenye kina cha mita 2,500. Hoja ilikuwa kwamba tope ni jepesi na mikondo ina nguvu, hivyo takriban tani milioni 8 kwa mwaka zingesambaa bila kufika chini. Tatizo ni jinsi ya kuipima hoja hiyo. Ukichota maji ya juu nyuma ya tishari utaona tope likififia, nawe utaridhika bure: kilichofifia kimekwenda mahali fulani.

Jibu lilipatikana chini. Cindy Lee Van Dover, Fred Grassle na wenzao walipima isotopu za nitrojeni (aina zake zenye uzito tofauti, ambazo uwiano wake hudokeza mnyama amekula nini) katika wanyama wa sakafuni, na mwaka 1992 wakachapisha ushahidi kwamba mabaki ya majitaka yamekwishaingia katika chakula cha wanyama hao, hasa wale wenye miiba wanaokula matope. Watafiti wengine walikuta kwenye matope hayo madini ya fedha na vijidudu vya matumbo ya binadamu.

Wapo wanaosema vipimo hivyo vilichelewa, maana Bunge la Marekani lilishapiga marufuku umwagaji mwaka 1988, likisukumwa na hasira za watu walioona sindano za hospitali fukweni, takataka ambazo kwa sehemu kubwa hazikutoka kwenye matishari haya. Ni kweli. Vipimo havikuandika sheria. Lakini sheria iliyozaliwa na hasira hutetereka gharama za nchi kavu zikipanda, na hoja ya kilindi kinachomeza kila kitu ingerudi ikiwa haijajibiwa. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kuliwa si kudhuru. Nalikubali, isotopu hazithibitishi ugonjwa. Ila ahadi haikuwa kwamba tope lingefika chini bila madhara, bali kwamba lisingefika.

Kupima mapema kuna faida yake: kwenye eneo la maili 12 wapimaji walianza kabla umwagaji haujakoma mwishoni mwa 1987 wakaendelea hadi 1989, ndiyo maana nafuu ya bahari ilionekana kwa kulinganisha. Matishari yaliacha kumwaga kabisa kwenye maili 106 katikati ya 1992. Mwaka huohuo sehemu ya tope ilianza kusafirishwa kwa treni hadi Sierra Blanca, Texas, na mabishano yakahamia huko.