Mbona Umenipausha? Historia ya Rangi Kwenye Kompyuta, Kama Nilivyoijua Jego

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie kitu kilichonivuta kwenye kompyuta kabla sijajua kwamba kuna shahada ya kompyuta: kupaka rangi picha.

Likizo ya Agosti 2014, nyumbani Jego, nilimchora mdogo wangu wa kike akiwa Storm. Kwa wale msiomjua, Storm ni shujaa wa kike katika vitabu vya katuni vya X-Men, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Anaamrisha mvua na upepo, nywele zake ni nyeupe, na mamake ni binti mfalme wa Kenya. Katika kitabu alichoingia kwa mara ya kwanza anakutwa hapa hapa Kenya. Hebu fikiria furaha ya kijana wa Kwale aliyegundua jambo hilo! Nilichora kwa penseli na biro, nikapiga picha kwa simu, nikaiingiza kwenye laptopu kuukuu ya mjomba (betri ilikuwa imekufa, umeme ukipotea na kazi imepotea), nikakesha siku tatu nikipaka rangi kwa kipanya. Asubuhi ya nne nikamwita mwenyewe aje aone. Akatazama, akainamia skrini, akasema: "Kaka, mbona umenipausha? Kwani sikupaka mafuta?"

Na kweli. Msichana wa kwenye skrini alikuwa wa majivu, kama mtu aliyetoka kuoga baharini Vanga akakaukia juani na chumvi yake. Nilikasirika, nikafunga laptopu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu nusu tu. Nusu ya pili ina historia, na ndiyo ninayotaka kuwapa leo.

Tuanze kabla ya kompyuta. Vitabu vya katuni vya Marekani vilikuwa vikichapishwa kwa wino wa rangi tatu, samawati, waridi iliyokolea na manjano, pamoja na mweusi wa mistari. Kila wino ulikuwa na viwango vinne: hakuna, asilimia 25, asilimia 50, au wote. Piga hesabu: 4 mara 4 mara 4 ni 64. Basi, hizo ndizo rangi zote ulizokuwa nazo, mbingu na ardhi na watu humo humo. Mpaka rangi hakugusa hata karatasi ya mwisho. Alipaka nakala ya mfano, akaandika namba za wino pembeni, kisha mafundi wa kiwandani wakatenganisha kila wino kwenye sahani yake.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hilo la kutenganisha. Tazama leso yoyote. Pindo, mji, jina: kila rangi imewekwa kwa zamu yake, na ikikosea kidogo utaona ukingo mweupe unachungulia kati ya ua na mstari wake. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya "Mali ya Abdulla", imekuwa kwenye biashara ya leso Mombasa tangu 1887. Kwa hiyo wazo la kwamba picha moja ni matabaka kadhaa yaliyolaliana lilikuwa limejitanda viunoni mwa mama zetu miaka mingi kabla ya programu yoyote.

Turudi kwenye zile rangi 64. Mwaka 1962 Hulk alitoka akiwa wa kijivu. Kijivu kile kikawashinda wachapaji, ukurasa huu kimekolea, ule kimefifia, na toleo la pili akageuzwa kijani. Jitu la kubuni unaweza kuligeuza kijani na hakuna atakayelalamika. Lakini mwaka uliofuata, 1963, toleo la kwanza la Sgt. Fury lilikuwa na askari mweusi, Gabe Jones, na akatoka kitabuni na rangi ya Mzungu. Stan Lee alieleza baadaye kwamba kiwandani walidhani mfano una makosa, wakausahihisha! Ikabidi aandike maelekezo marefu ili toleo linalofuata lisirudie. Hata baada ya hapo, kahawia iliyotokana na wino tatu kwenye karatasi duni mara nyingi iliingia ukijivu. Kwa hiyo Storm alipozaliwa mwaka 1975 alizaliwa ndani ya kasha hilo hilo la rangi 64.

Kompyuta nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox kule California, Richard Shoup aliunda SuperPaint, mojawapo ya mifumo ya kwanza kabisa ya kupaka rangi moja kwa moja kwenye skrini. Mwaka 1987 mwanafunzi wa uzamifu, Thomas Knoll, akaanza kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye Macintosh. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi ya picha za filamu, akaona faida yake, na Februari 1990 ikatoka kwa jina la Photoshop. Matabaka hayakuwamo mwanzoni, yaliongezwa toleo la tatu, mwaka 1994.

Kwa washabiki wa katuni, tukio kubwa zaidi ni la 1988. Akira ya Katsuhiro Otomo ilikuwa imechorwa Japani kwa nyeusi na nyeupe. Ilipotolewa kwa Kiingereza Marekani, Steve Oliff na kikundi chake waliipaka rangi kwa kompyuta, kurasa kwa kurasa, kazi iliyofika hadi miaka ya 1990. Mistari ni ya mtu mmoja, rangi ni ya mwingine aliyekaa ng'ambo ya bahari. Mimi naihesabu Akira kuwa baba wa sisi sote tunaochukua mchoro wa mwenzetu na kuupaka rangi usiku kwa mapenzi tu, bila kulipwa.

Mimi nilitumia GIMP, kwa sababu Photoshop sikuwa na bei yake. GIMP iliandikwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatolewa bure mwaka 1996. Nilipojua kwamba ni kazi ya wanafunzi nilishtuka, nikaanza kujiuliza ndani yake mna nini. Ukitaka kujua kwa nini leo nakula mkate wa programu, jibu ni hilo. Mafunzo niliyapakua saiba Lunga Lunga, nikayabeba kwenye flashi mpaka nyumbani. (Mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa 2009, naam, lakini kutoka Mombasa hadi Jego intaneti ilikuja kwa miguu.)

Mafunzo yote yalisema kitu kimoja. Weka rangi ya msingi ya ngozi. Juu yake fungua tabaka jipya, liweke katika hali ya kuzidisha, paka kijivu palipo na kivuli. Nilifuata neno kwa neno. Uso wa mdogo wangu ukawa giza, macho na pua vikamezwa na mistari. Nikaongeza tabaka la weupe kidogo ili aonekane. Ndipo akapauka.

Sasa tufanye hesabu ambayo wakati ule sikuijua. Skrini huandika rangi kwa namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kuzidisha ni kuzidisha kweli: namba ya chini mara namba ya juu, gawanya kwa 255. Chukua ngozi ya Mzungu wa kwenye mafunzo, tuseme 250, 210, 180. Weka kijivu cha 128. Unapata 125, 105, 90. Imeshuka hatua 125, 105 na 90, kivuli kizuri kinachoonekana toka mbali. Sasa chukua ngozi ya mdogo wangu, 110, 70, 45. Unapata 55, 35, 23. Imeshuka hatua 55, 35 na 22 tu, nayo tayari imekaribia weusi wa mistari. Yaani kivuli kile kile kinachomchonga Mzungu uso, sisi kinatufuta.

Na weupe niliouongeza? Asilimia 30 ya weupe juu ya 110, 70, 45 inatoa karibu 154, 126, 108. Namba tatu zimesogeleana, na namba tatu zikisogeleana rangi inakwenda kwenye kijivu. Majivu yenyewe hayo.

Programu haikukosea, hesabu ni sahihi. Nililojiuliza ni nani aliamua kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupaka ngozi. Hapo nikakutana na wanawake watatu.

Wa kwanza ni Shirley. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke vizuri. Wa kwanza aliitwa Shirley, na jina likabaki kwa wote waliomfuata. Wanaotoka weusi kwenye picha mpaka yanaonekana macho na meno tu (sote tuna picha kama hizo kwenye albamu za nyumbani, tukadhani ni mpiga picha) walikuwa hawamo katika kipimo. Kilichoanza kuisukuma Kodak, kwa maelezo ya watu wake wenyewe, kilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao: bidhaa zao za kahawia hazitofautiani pichani! Miaka ya 1980 filamu mpya ikatangazwa kuwa inaweza kumpiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Chokoleti, kabati, farasi, kisha sisi.

Wa pili nilikutana naye chuo kikuu, somo la uchakataji wa picha. Picha ya kwanza tuliyopewa kufanyia mazoezi ilikuwa Lena, mwanamke wa Kiswidi aliyekatwa kutoka jarida la Playboy la Novemba 1972 na kuskaniwa mwaka 1973 huko California. Kwa miongo mingi kanuni za kubana na kusafisha picha zilijaribiwa juu ya bega lake. Aprili 2024 chama cha kompyuta cha IEEE kiliacha kupokea makala zenye picha hiyo. Wa tatu ni Jennifer, mchumba wa John Knoll, aliyepigwa picha ufukweni Bora Bora; picha yake ndiyo iliyotembezwa kuonyesha maajabu ya Photoshop ilipokuwa changa. Simlaumu yeyote kati yao. Kila mtu hujaribia chombo kwa aliye karibu naye, hata mimi nilimjaribia mdogo wangu.

Aliyenitoa gizani hakuwa kitabu cha Marekani. Februari 2010, nikiwa darasa la saba, lilianza jarida la katuni la Shujaaz, lililogawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Kijana Boyie, hana kazi, anarusha redio ya siri kutoka chumbani kwake, na hadithi yote iko kwa Sheng. Mwaka 2012 ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nilikuwa nimeyaweka matoleo yangu chini ya godoro, na baada ya aibu ile ya Storm niliyatoa upya, safari hii bila kusoma maneno. Nikayatazama kwa lenzi kama fundi saa. Ngozi za kahawia zilipakwa na watu waliokaa na kahawia. Nilianza kuangalia mwanga unapogonga paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, badala ya kuhangaikia kivuli.

Jaribu mwenyewe. Ipo hali nyingine ya kuchanganya, ya skrini, ambayo ni kinyume cha kuzidisha: unapunguza kila namba kutoka 255, unazidisha, unarudisha. Weka mwanga wa anga, 60, 90, 130. Ngozi ya Mzungu inapanda hatua 1, 16 na 38, karibu na bure. Ngozi ya mdogo wangu inapanda 34, 65 na 107. Mwanga ule ule! Ngozi nyeupe huchongwa na kivuli, ngozi nyeusi huchongwa na mng'ao. Wapiga picha wetu wanaopaka watu mafuta kabla ya kuwapiga wanalijua hili bila hesabu. Na yule msichana aliyeuliza kuhusu mafuta alikuwa amenipa jibu siku ile ile.

Siku hizi mambo yamelainika. Tangu 2015 emoji zina rangi tano za ngozi, mwaka 2022 Google ilitoa kipimo cha Ellis Monk chenye rangi kumi, na Krita, programu ya bure ninayoipenda kuliko zote, tangu 2020 inapatikana hata kwenye tableti ya Android. Bado mafunzo mengi ninayokutana nayo yanaanza na ngozi ya 250, 210, 180 na kijivu juu yake.

Faili la 2014 ninalo. Mwaka jana nilipokuwa Jego nililifungua, nikafuta tabaka la weupe, nikaacha kahawia ilivyo, vivuli nikavipaka wekundu uliokolea badala ya kijivu, na juu kabisa tabaka moja la samawati kwenye paji, mabega na mgongo wa mkono, mwanga wa pwani saa kumi jioni. Dakika arobaini. Nikamtumia mwenyewe kwa WhatsApp. Sasa ni mama wa watoto wawili na anaishi Ukunda. Akajibu baada ya saa nzima kwamba nywele nimezifanya fupi.