Majira na Kazi Katika Nchi ya Karagwe

Katika vitabu vya wanajiolojia wa dunia nzima limo jina lililotoka katika nchi ndogo iliyo magharibi ya Ziwa Victoria. Jina hilo ni Karagwe. Wataalamu wa miamba walipotafuta jina la matabaka ya mawe ya kale yaliyotanda kaskazini-magharibi ya Tanzania na kuvuka mpaka kuingia Ankole katika Uganda, waliunganisha majina ya nchi hizo mbili, na mpaka leo mawe hayo yaitwa ya Karagwe na Ankole. Umri wake wapita miaka milioni elfu moja. Zamani yalikuwa mchanga na tope chini ya maji. Yakakazwa na kukunjwa kwa nguvu za ardhi, kisha mvua na upepo vikayachonga yakawa safu ndefu za vilima, na mabonde mapana katikati yake. Kihanga, kata ya Wilaya ya Karagwe, imo katika nchi hiyo ya vilima.

Juu ya mawe hayo Wanyambo walijenga maisha yenye mpango. Ardhi waliigawa sehemu mbili kubwa. Sehemu ya kwanza ni kibanja, yaani shamba lizungukalo nyumba, lenye migomba, mibuni na maharage. Sehemu ya pili ni rweya, uwanda wa nyasi usio na rutuba nyingi, mahali pa malisho, pa njugu mawe, na pa majani ya kuezekea nyumba na kufunika ardhi shambani. Ng'ombe walikula nyasi za rweya mchana, wakarudi kulala karibu na kibanja usiku, na samadi yao ikaipa migomba nguvu. Kwa njia hiyo udongo maskini uliulisha udongo wa nyumbani, na mfugaji na mkulima wakahitajiana.

Mpango wa ardhi ulifuatana na mpango wa majira. Mwaka wa Karagwe una mvua mbili na kiangazi mbili. Mvua za vuli huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, na hapo maharage na mahindi hupandwa, ili yavunwe mwisho wa mwaka au mwanzo wa mwaka mwingine. Baada ya kiangazi kifupi cha Januari na Februari, mbegu hurudi ardhini kuingojea masika, ambayo huishia mwezi wa Mei. Kisha huja kiangazi kirefu, kiitwacho kyanda, tangu Juni hata Agosti. Wakati huo buni huchumwa na kuanikwa juani, mtama huvunwa, nyumba hutengenezwa, na ndizi za pombe huivishwa, zikakamuliwa pamoja na nyasi na kuchanganywa na mtama uliokaangwa, ili rubisi ipatikane kwa harusi na maombi. Migomba peke yake haikuwa na likizo: ilipaliwa, ikapunguzwa machipukizi na kufunikwa majani mwaka mzima.

Katika enzi ya wafalme, mwezi wa mbinguni ulikuwa kipimo cha wakati na kipimo cha utii pia. John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, aliandika habari za sherehe ya mwezi mwandamo iliyofanywa kila mwezi. Ngoma nyingi zilipangwa safu moja zikapigwa kwa pamoja, na wakuu wakaja mbele mmoja mmoja kuapa kwamba hawatamwacha mfalme wao. Kwa hiyo kila mwezi ulipoandama, nchi ilijihesabu upya. Mwenzake Speke, James Augustus Grant, alikaa Karagwe hata Aprili 1862 kwa ajili ya ugonjwa wa mguu, akayaona masika yakiingia. Ni katika vilima vya Karagwe pia kwamba Speke alivitazama kwa mbali vilele vya Mfumbiro, ambavyo leo hujulikana kama milima ya volkano ya Virunga.

Miongoni mwa ishara zote za majira, hakuna iliyopendwa kama senene. Wadudu hawa, jamaa ya panzi, huja kwa makundi hasa katika Novemba na Desemba, na mara nyingine huonekana tena katika masika. Waganda, majirani wa kaskazini, waliupa mwezi wa Novemba jina la Musenene kwa ajili yao. Zamani senene waliokotwa kwa mkono alfajiri, wakati umande ungali juu ya nyasi na mbawa zao hazijapata joto la kuruka. Watu walitoka pamoja na vikapu na vibuyu, watoto kwa wazee. Nyumbani mabawa na miguu viling'olewa, na senene wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe au wakakaushwa ili wawekwe akiba. Senene waliokaushwa wakawa zawadi ya heshima, kama buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa atafune kabla ya mazungumzo. Hata hivyo si kila desturi ya zamani ilikuwa ya haki. Katika Buganda wanawake walikatazwa kula senene, ijapokuwa mikono yao ndiyo iliyowaokota. Marufuku ya namna hiyo haistahili kurithiwa. Kinachostahili kurithiwa ni maarifa ya kujua siku, upepo na majani.

Ardhi yenyewe nayo ilikuwa na mahali pa kukutania. Katika sehemu ambayo sasa ni Wilaya ya Kyerwa ziko chemchemi za maji moto za Mtagata. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley, aliyekuwa mgeni wa Rumanyika, alikwenda kuziona, akawakuta wagonjwa waliokuja kuoga kwa matumaini ya kupona. Maji yale yalipashwa joto na ardhi chini sana, lakini njia ziendazo huko zilitengenezwa na miguu ya watu wenye haja. Mawe na matumaini ya binadamu vilikutana pale karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiri kuandika mahali hapo katika orodha ya urithi.

Mpango huu ulipata mapigo makubwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, Karagwe ikiwamo. Aliyepoteza ng'ombe alipoteza maziwa, na shamba lake likapoteza samadi. Hivyo msiba wa zizi ukawa msiba wa migomba. Kisha zikaja serikali za kigeni, ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, na buni iliyokuwa ya heshima ikawa mazao ya fedha. Bati ya vilima vya Kyerwa ikachimbwa ipelekwe ng'ambo. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa machifu uliondolewa katika Tanganyika, na ngoma za mwezi mwandamo hazikuwa tena na kazi ya serikali.

Historia ya mkoa huu yaonyesha pia kwamba amri njema yaweza kushindwa ikiwa haikupata ridhaa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za serikali juu ya kutunza mibuni. Kupunguza matawi na kufunika ardhi kwa majani ni kazi zenye faida, lakini zilipoletwa kwa vitisho, zilionekana kuwa mwanzo wa kunyang'anywa mashamba. Kinyume chake kilihitajika wakati ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006. Ugonjwa huo huenezwa na wadudu na kwa visu visivyosafishwa, na jitihada ya mtu mmoja haifai kitu jirani yake akizembea. Dawa yake ilikuwa kung'oa migomba iliyougua, kuondoa ua la mwisho wa mkungu, na kusafisha zana. Kazi ambazo hazina maana zisipofanywa na kijiji kizima kwa majira mamoja.

Senene nao wamebadilishiwa njia. Siku hizi katika sehemu nyingi za Kagera huvutwa usiku kwa taa kali za umeme, wakagonga mabati na kuporomoka ndani ya mapipa. Biashara hiyo huleta fedha, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu atafutaye ada ya shule ya watoto wake. Lakini alfajiri ya vikapu ilimfundisha mtoto kazi, subira na majina ya nyasi, na pipa halimfundishi hayo.

Katika dunia ya leo yamezuka maeneo yaitwayo hifadhi za kijiolojia, ambayo Shirika la UNESCO liliyapa mpango rasmi mwaka 2015. Shabaha yake ni kulinda mawe na sura ya nchi pamoja na desturi na riziki za wakazi. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 2018, ya Ngorongoro na Lengai. Karagwe haimo katika hesabu hiyo, lakini mwaka 2019 mapori yake yalipandishwa daraja kuwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Ni jambo jema kwamba jina la mfalme yule limeandikwa katika ramani ya nchi. Ingekuwa vema zaidi kama ulinzi wa pori ungekwenda pamoja na kalenda iliyolilea, kwa maana miti yaweza kulindwa na askari, ila maarifa ya majira hukaa katika watu wayatumiao.

Wazee wa Kihanga na vijiji vya jirani wangali wakijua ni lini rweya huchomwa na lini huachwa, ni mgomba upi wa pombe na upi wa chakula, na ni mawingu gani yaletayo senene. Hayo hayajaandikwa yote. Shule za kata zinao wanafunzi, wino na karatasi. Wazee wanayo maneno. Basi inafaa wakutanishwe sasa, wakati wa kyanda, kazi za shamba zikiwa chache na jioni ikiwa ndefu.